Jino la Saba

Watu wa Vuria walimwita Mkawasi mpiga bunduki. Mgeni akilisikia jina hilo alitarajia kukutana na mwanamke wa mabuti na sauti ya amri, kumbe ni mwembamba, mwoga wa mbwa, anayevaa sweta mbili kwa baridi ya mlimani na kushinda mbele ya skrini. Bunduki yenyewe ilikaa juu ya darubini, nguzo ya chuma iliyosimama katikati ya chumba, na risasi zake hakuna aliyewahi kuziona kwa macho. Ilirusha elektroni. Zilishuka ndani ya nguzo, mahali palipofyonzwa hewa yote, zikakipiga kitu kilicho kidogo kuliko vumbi, na kila zilipokigonga sura yake ikachoreka kwenye skrini mstari kwa mstari.

Asubuhi hiyo kitu chenyewe kilikuwa chembe moja iliyotolewa kwenye damu ya Wakesho, msusi wa sokoni.

Mkawasi aliitazama chembe ile, duara lenye meno kama gurudumu la saa, akahesabu. Meno sita, kama inavyotakiwa. Kisha chini kabisa ya picha, ubavuni mwa jino la sita, akaona jingine. Lilikuwa jembamba na hafifu, lakini lilikuwepo. Alihesabu upya akianzia upande wa pili, maana mtu akitaka sana jibu fulani huweza kuruka hata jino lake mwenyewe. Saba.

"Jamani, Wakesho," alisema peke yake.

Kila mtoto wa milimani alichanjwa chembe-tabibu alipotimiza miaka mitatu. Ziliogelea kwenye damu yake maisha yake yote, zikila malaria, zikila saratani, na ndizo zilizowafanya wazee wa Vuria wawe wakaidi hivyo, kwa sababu hawakuwa na haraka ya kufa. Chembe nzima ilikuwa na meno sita. Ikiota la saba, maana yake imeanza kujizaa. Watu walisema imechipua. Chembe iliyochipua haishibi maradhi. Hula figo, ikahamia ini, na kwa jasho ikazichipusha chembe za mwingine. Katika ule mwaka ambao darubini ilikaa bila waya wa kurushia elektroni, mwaka ambao watu waliuita wa upofu, shule nzima ya bweni upande wa pili wa mlima iliteketea kabla mtu hajajua nani alianza. Ndiyo maana hakuna aliyelifanyia mzaha jino la saba. Aliyekutwa nalo aliteremshwa siku hiyo hiyo hadi Mkongeni, kwenye shamba la zamani la mkonge kule tambarare, nyuma ya wavu wa chuma. Huko alipewa dawa ya kuzichelewesha chembe. Ya kuziponya haikuwapo, na hakuna aliyewahi kurudi.

Mkawasi alikuwa na kidole chake kwenye kitufe cha kuzungusha, kile kinachopasha moto waya wa bunduki, akijiandaa kuuzima. Upepo ukaipiga mitambo ya umeme iliyoko kileleni, taa zikawaka kupita kiasi, na sindano ya mita ikaruka.

Sindano ile aliijua kama anavyoijua njia ya kwenda kwake. Ukiupasha waya, inapanda. Ikifika kileleni mwa kilima chake, pale inapoacha kupanda, unasimama hapo hapo. Hivyo ndivyo Daktari Mwasaru, mkuu wa kituo, alivyomfundisha, na hivyo ndivyo alivyofanya miaka yote. Sasa umeme uliozidi uliisukuma sindano ikavuka kilele, ikateremka kidogo, halafu, mbele ya macho yake, ikaanza kupanda kilima kingine kirefu kuliko cha kwanza. Picha kwenye skrini iling'aa. Ukungu uliokuwa ukizunguka kila ukingo wa chembe, ukungu aliouzoea hata akaacha kuuona, ulinywea na kutoweka. Na jino la saba likatoweka nao.

Upepo ulipotulia umeme ulirudi mahali pake, sindano ikarudi kilima cha kwanza, na jino likarudi.

Mkawasi aliushusha moto wa waya taratibu mpaka ukapoa. Aliogopa, na aliogopa mambo mawili yasiyopatana: kwamba macho yake yalikuwa yamemdanganya sasa hivi, na kwamba yalikuwa yakimdanganya siku zote.

*

Chumba cha kusubiria kilitenganishwa na kioo kinene, na mazungumzo yalipita kwenye kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma. Wakesho alikuwa amekaa kwenye benchi, mtoto wake Shako amefungwa leso kifuani. Alipomwona Mkawasi alisimama upesi, akajitahidi kutabasamu.

"Mpiga bunduki. Umenipiga au umenikosa?"

"Bado naangalia."

"Unaangalia nini muda wote huu? Mimi nikisuka kichwa kwa mwendo huo wateja wangenihama." Alikikaribia kioo. "Na hicho kichwa chako nimekisuka juzi tu. Kitunze, maana sijui nani atakifumua."

"Wakesho, nimesema bado."

"Kama bado, mbona gari la wavu limeshafika? Nimeliona dirishani. Dereva anakunywa chai." Tabasamu lilimtoka. "Mkawasi, mimi si mtoto. Niambie."

Daktari Mwasaru alikuwa na skrini yake ofisini, iliyoonyesha kila picha iliyochorwa na darubini. Alikuwa ameshaona meno saba na ameshaita gari.

"Huyu hajachanjwa," Wakesho alisema, akimfunika Shako masikio kana kwamba angeelewa. "Hajafika miaka mitatu, hana chembe, hawamchukui. Mimi nikishuka, yeye anabaki. Bado ananyonya. Atanyonya wapi, Mkawasi?"

"Nipe muda kidogo."

"Wa kufanya nini?"

"Wa kuangalia vizuri," Mkawasi alisema, na maneno hayo yalimchoma yeye mwenyewe, maana miaka yote alidhani ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya.

*

Daktari Mwasaru alikuwa na kimanga cha mihogo na maharagwe kwenye bakuli na hakikuwa kimeguswa. Alikuwa mzee mrefu mwenye mashavu yaliyoingia ndani, na mlima mzima ulimheshimu kwa sababu katika mwaka wa upofu alizika wanafunzi kwa mikono yake, mmoja mmoja, wakati wazazi walipoogopa kuikaribia miili.

"Kaa," alisema.

"Sikai, Daktari. Umeiona sindano?"

"Nimeiona."

"Kuna kilima cha pili."

Alisogeza bakuli kando. "Kipo."

Mkawasi alikuwa amejiandaa kubishana, kuchora, kumshawishi. Neno lile moja lilimwacha bila silaha. Akakaa bila kutaka.

"Cha kwanza si kilele," Daktari alisema. "Ni kilele cha uongo. Waya haujapata moto wote, kwa hiyo unatoa elektroni nchani na ubavuni pia. Kilima cha pili ndicho chenyewe. Hapo zinatoka mahali pamoja tu."

"Kwa hiyo tukiwa kwenye cha kwanza picha inachorwa na kalamu mbili. Moja nzito, moja hafifu."

"Unaweza kusema hivyo."

"Na hiyo hafifu inaweza kuchora jino."

Daktari alitazama dirishani. "Puto la mizigo linatuletea nyaya mbili kwa mwaka, likija. Ukiupasha waya hadi kilima cha pili, unakatika baada ya wiki chache. Ukiusimamisha kwenye cha kwanza, unakaa miezi. Nilikuwa na uchaguzi wa kuona vizuri kwa muda mfupi kisha tuwe vipofu, au kuona kwa ukungu mwaka mzima. Wewe hukuwepo kwenye yale mazishi. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Nusu ya nani, Daktari? Mwenye kuteremshwa Mkongeni hapewi nusu."

"Nilijua picha ina ukungu. Kwamba ukungu unaweza kuota jino, sikulijua hilo."

"Hukulijua au ulilihofia?"

Mzee alikitazama kile kimanga kilichoota ngozi juu. "Nililihofia," alisema hatimaye. "Nikaacha kuliangalia."

Mkawasi alihisi hasira ikimpanda, na nyuma ya hasira lilikuja jina alilokuwa akilikimbia tangu sindano iliporuka. Nyambu, mumewe. Sheria ilimkataza mtu kumpima ndugu yake, hivyo Daktari mwenyewe ndiye aliyekaa kwenye darubini siku ile, akahesabu saba, akatoka kumwambia Mkawasi akiwa amevua miwani. Miaka miwili sasa.

Daktari aliliona hilo jina likipita usoni mwake. "Usiende huko, mwanangu."

"Tayari niko huko."

"Basi fikiri mpaka mwisho. Tuseme Nyambu alishuka mzima. Amelala miaka miwili chumba kimoja na waliochipua. Anakula nao, anatoa jasho nao. Leo ana meno mangapi?" Sauti yake haikuwa ya ukatili, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Huwezi kumrudisha. Ukimwambia, unampa nini? Leo ana ugonjwa. Kesho atakuwa na ugonjwa na dhuluma juu yake. Na wenzake wote vilevile. Mimi nimelibeba peke yangu ili wao wasilibebe."

"Umelibeba! Wao ndio walioko nyuma ya wavu."

Daktari aligeukia tena dirisha.

"Nataka kumwangalia Wakesho kwenye kilima cha pili," Mkawasi alisema. "Sasa hivi, kabla gari halijaondoka."

"Waya ule umechoka. Ukiupeleka huko utakatika, na hatuna mwingine mpaka puto lije. Na yule ni msusi! Kama ana saba kweli, ameshika vichwa vya nusu ya mlima, pamoja na chako. Tutahitaji jicho kuliko siku nyingine yoyote, na wewe utakuwa umelitoboa."

Hapo alikuwa na haki, na Mkawasi alijua ana haki. Alijaribu kulitafuta kosa kwenye maneno yale na hakulipata. Aliona watoto wa sokoni wenye misuko mipya. Aliona pia Shako kwenye leso.

"Na kama ana sita," alisema, "tunamteremsha akaoteshewe la saba huko. Kisha kesho tutamhesabia mwingine kwa jicho hilo hilo la uongo. Mficha maradhi kifo humuumbua, Daktari. Nawe umeyaficha ya mlima mzima."

Alisimama akatoka. Nyuma yake alisikia kiti kikisogezwa.

*

Daktari alimfuata hadi chumba cha darubini, akasimama ukutani penye swichi kuu ya umeme, akaweka mkono juu yake.

"Sijakuruhusu," alisema.

"Najua."

"Nikiona unaelekea kuukata bure, nazima."

"Ukizima ghafla waya ukiwa na moto ndipo utakapokatika." Mkawasi alikaa bila kumtazama. "Lakini swichi ni yako."

Alianza na ombwe, ule utupu wa ndani ya nguzo. Mita ya pampu ilionyesha ndani ya nguzo mna hewa kidogo kuliko kawaida ya siku zote, lakini aliiacha ifyonze zaidi, maana waya wenye moto ukikutana na hewa huungua upesi. Wakati pampu ikinguruma aliigeuza picha ya mwisho, juu ikawa chini. Chembe haikusogea, alibadili tu upande ambao mwali wa elektroni ungeanza kuchora. Picha nzuri huchorwa polepole, kutoka juu kushuka, na alitaka mahali pa lile jino pachorwe kwanza, ikiwa waya usingemaliza safari.

Kisha akashika kitufe.

Waya wenyewe aliwahi kuushika kwa koleo siku aliyoufunga. Ulikuwa kipande cha tungsteni kilichopindwa kama pini ya nywele, chembamba kama unywele wenyewe. Tangu siku ile kila saa ya kazi ilikuwa imeulamba kidogo, na bandu bandu huisha gogo. Mahali fulani kwenye ile pini palikuwa pamebaki utando tu. Hakukuwa na njia ya kujua ni wapi.

Aliongeza moto. Sindano ikaanza kupanda. Aliongeza kidogo, akasubiri, akaongeza. Ikafika kilele cha kwanza na mkono wake ukasimama wenyewe, kwa mazoea, kama punda anayefika kwenye lango la bwana wake. Kwenye skrini chembe ilikuwa imekaa na ukungu wake na meno yake saba.

"Bado unaweza kurudi," Daktari alisema.

Mkawasi alizungusha kitufe.

Sindano ikaanza kuanguka. Kila kitu alichofundishwa kilimwambia ameharibu, arudi, arudi haraka. Alielewa jinsi mtu anavyoweza kuishi maisha yake yote upande wa huku wa bonde lile dogo bila kujua kuna upande wa pili. Akaendelea. Sindano ikagusa chini, ikasita, ikapanda. Ikapita kimo cha kwanza. Ikaendelea kupanda, kisha ikapunguza mwendo, na mwishoni hata alipoongeza moto kidogo haikusogea tena. Kilima cha pili kilikuwa bapa juu, kama mlima uliokatwa kichwa.

Alirudisha kitufe nyuma kwa upana wa ukucha, ili asiupashe waya zaidi ya haja. Skrini ilikuwa imeingia giza. Alishtuka, halafu akaelewa: mwali sasa ulitoka mahali pengine kwenye waya, na haukuwa ukipita katikati ya nguzo. Aliuinamisha kwa vitufe viwili vidogo, huku na huku, mpaka mwanga ukarudi na kuzidi ule wa mwanzo. Akalenga kwenye jino la pili, upande usio na shida, akalisafisha mpaka ukingo wake ukawa mkali. Hakutaka kupoteza uhai wa waya akitafuta ukali wa picha mahali penyewe.

"Mkawasi," Daktari alisema. "Sindano inatetemeka."

"Nimeiona."

"Unakaribia kukatika."

"Ndiyo."

Daktari hakuzima. Mkawasi alibonyeza kuanza mchoro wa polepole.

Mstari wa kwanza ulivuka skrini, na wa pili, na wa tatu. Mwanzoni haikuwa sura yoyote, ni kijivu tu juu ya kijivu. Kisha mgongo wa jino ukaanza kujengeka, mweupe, mnene. Jino la sita. Mistari iliteremka ubavuni mwake. Hapa ndipo palipokuwa na lile jembamba. Mstari ulipita, ukaonyesha ukuta laini wa chembe. Uliofuata ukaonyesha ukuta. Alingoja jino lichomoze, alilingoja kwa hofu kiasi kwamba mara mbili alidhani ameliona, na kila mara ikawa ni ukuta tena, safi, umenyooka mpaka kwenye jino la kwanza.

Picha haikufika nusu. Mistari ilikoma, sehemu iliyobaki ya skrini ikawa nyeusi, na sindano ikaanguka hadi sifuri ikalala hapo. Hapakuwa na sauti yoyote. Waya wa bunduki hukatika kimyakimya.

Mkawasi hakugeuka. Alijua tatizo la picha ile: haikukamilika. Mtu akitaka angeweza kusema haimalizi ushahidi, na mtu mwenyewe alikuwa nyuma yake, na gari lilikuwa nje na injini ikiunguruma.

Alisikia mkono ukitoka kwenye swichi. Daktari Mwasaru alikuja polepole, akavaa miwani, akainama mbele ya skrini kwa muda mrefu. Kidole chake kilifuata ubavu wa jino la sita, kikateleza kwenye ule ukuta laini, kikagota kwenye jino la kwanza.

"Yale meno mengine tumeyaona asubuhi, hayana ubishi," alisema. "Wakesho ana sita."

Akavua miwani, akafuta macho kwa mkono wa shati. "Nitamwambia dereva aende. Kisha nitautangazia mlima kwamba hatuna jicho mpaka puto lije, na kila mtu akae kwake. Nitawaambia na sababu."

"Sababu yote?"

"Yote ya huku juu," alisema. Aliangalia upande wa mapokezi, ambako kulikuwa na simu ya Mkongeni. "Ya kule chini mimi sina kinywa cha kuisema."

*

Wakesho alipofunguliwa mlango hakupiga vigelegele wala hakushukuru. Alikaa chini pale pale kwenye sakafu baridi, akafungua leso, akaanza kumnyonyesha Shako huku akilia bila sauti. Mkawasi alipita kando yake, akaguswa mguu, akasimama.

"Mlinihesabia nini kwanza?" Wakesho aliuliza.

"Saba."

Wakesho alimtazama kwa muda. Alikuwa mwepesi wa kuelewa, msusi husikia mambo ya watu wote. "Nyambu wako pia walimhesabia saba," alisema.

"Ndiyo."

"Uwii, Mkawasi." Akauachia mguu wake. "Nenda."

Simu ya Mkongeni ilitundikwa ukutani penye mapokezi. Mchana ilikuwa wazi kwa familia, na miezi ya kwanza Mkawasi hakukosa hata siku moja. Nyambu alikuwa akianza kila mazungumzo kwa neno moja: mimi ni mzima. Naye kila siku alimjibu kwa upole, upole ambao sasa ulimtia aibu, kwamba asijitese, aikubali hali, akili itapata amani. Baadaye Nyambu aliacha kulisema. Walizungumza juu ya mvua na bei ya maziwa. Baadaye tena Mkawasi akawa na shughuli nyingi.

Simu ililia muda mrefu kabla ya kupokelewa, na aliyeipokea alikwenda kumwita. Mkawasi alisikia upepo ukipita kwenye majani ya mkonge. Maneno ya Daktari yalikuwa bado masikioni mwake: utampa nini? Hakuwa amepata jibu. Alijua tu kwamba kuna mtu mmoja duniani aliyesema kweli, na mkewe akambembeleza aache.

"Halo," Nyambu alisema. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko alivyoikumbuka, na alikohoa.

"Ni mimi."

"Nakusikia. Kuna baridi huko?"

"Nyambu, ulishuka mzima."

Upepo uliendelea kwenye mkonge.

"Umesema nini?"

"Darubini ilikuwa ikitumiwa vibaya. Inachora jino lisilokuwepo. Leo nimeliona kwa macho yangu, limetokea na kutoweka kwenye chembe moja. Siwezi kuapa juu ya yako, ila naamini ulikuwa na sita. Ulikuwa unasema kweli, nami nilikwambia usijitese."

Alingoja matusi. Aliyataka, kwa kweli.

"Na leo?" aliuliza Nyambu. "Leo nina mangapi?"

"Sijui. Waya umekatika. Lakini umekaa huko miaka miwili."

"Nimekaa." Alikohoa tena, na kikohozi kile kilikuwa jibu tosha kwa wote wawili. Kisha akavuta pumzi. "Nani mwingine?"

"Simjui hata mmoja kwa hakika. Ni yeyote kati yenu aliyeletwa baada ya mwaka wa upofu. Pengine wachache, pengine wengi."

"Kuna mama mmoja hapa husema kila asubuhi kwamba ni mzima. Tunamcheka." Sauti ilimkatika, akairudisha. "Hata mimi humcheka. Usikate simu."

"Nyambu..."

"Nimesema usikate. Hutaniambia mimi peke yangu nikae nalo."

Alisikia mkono wa simu ukiwekwa juu ya kitu cha bati. Alisikia hatua zikienda, na sauti ya mumewe ikiita, mbali, kisha mbali zaidi, jina baada ya jina, njooni, njooni kwenye simu, acheni uji, njooni nyote. Milango ilifunguliwa. Watu waliulizana. Vikohozi vilikaribia kutoka kila upande mpaka Mkawasi akahisi wamemzunguka yeye, hapo alipo, kwenye mapokezi matupu ya Vuria. Angeweza kukata. Aliushika mkono wa simu kwa mikono miwili ili asikate.

"Haya," ilisema sauti ya mwanamke mzee, karibu kabisa. "Tumekuja, mwanangu. Wewe nani?"

"Mimi ni Mkawasi," alisema. "Mpiga bunduki."

Kisha akaanza kuwaeleza, tangu mwanzo.